Uhuru Afrika, We Insist! au Africa/Brass: ukiwa na hela ya santuri moja tu, uchukue ipi?

Hizi santuri tatu za jazz, Uhuru Afrika ya mpiga piano Randy Weston, We Insist! ya mpiga dramu Max Roach na Africa/Brass ya mpiga saksafoni John Coltrane, naulizwa sana mtu aanze na ipi, na jibu la wengi huwa lilelile, chukua Africa/Brass kwa sababu ni Coltrane, mjadala umefungwa. Mi sikubaliani. Nimekusanya jazz ya Wamarekani miaka mingi, hizi tatu ninazo na nazipiga zote, hakuna iliyokaa kabatini kama pambo, na naona kila moja ina mtu wake, ila kama umekulia kwenye Kiswahili basi kuna moja inabidi iingie nyumbani kwako kabla ya zingine na hiyo sio ya Coltrane.

Kwanza tuelewane zinalinganishwaje. Zote tatu zimerekodiwa ndani ya mwaka mmoja, ya kwanza mwisho wa Agosti 1960 na ya mwisho Juni 1961, mbili New York penyewe na moja ng'ambo ya mto tu New Jersey. Sa kumbuka 1960 ndo ule mwaka nchi 17 za Afrika zilipata uhuru, Kongo Juni, Nigeria Oktoba, na hukohuko Marekani mwezi Februari vijana weusi wanafunzi walienda kukaa kwenye kaunta ya wazungu kule Greensboro, North Carolina, wakagoma kuondoka mpaka wahudumiwe. Wanamuziki weusi wa New York walikuwa wanazisoma habari zote mbili kwenye gazeti lilelile la asubuhi. Ndo maana hata wapigaji ni walewale wanazunguka, Max Roach yumo kwenye Uhuru Afrika alafu We Insist! ni yake mwenyewe, Babatunde Olatunji yule mpiga ngoma Mnigeria yumo humo humo mbili, Booker Little wa tarumbeta yupo kwa Roach na yupo kwa Coltrane. Kwa hiyo hulinganishi nazi na chungwa, ni watu wa mtaa mmoja wanaojibu swali moja, Afrika ni nini kwetu, na majibu yao yanatofautiana sana.

Na kama umelelewa na Mbaraka Mwinshehe na Franco, usitegemee magitaa ya kuzunguka na kiitikio cha kucheza, humu gitaa ni la kutafuta. Hapa ni tarumbeta, saksafoni, piano, besi na ngoma nyingi sana.

Nianze na hiyo ya Coltrane inayopendwa na wengi. Africa/Brass ilikuwa santuri yake ya kwanza kwa lebo ya Impulse!, ikarekodiwa Mei na Juni 1961 studio kwa fundi wa kurekodi Rudy Van Gelder pale Englewood Cliffs, New Jersey. Upande wa kwanza wote ni wimbo mmoja, Africa, dakika 16 na zaidi, na nakwambia ukweli upande huo peke yake unatosha kukufanya ukae chini. Coltrane ameweka wapiga besi wawili kwa pamoja, mmoja anashikilia chini mwingine anatembea juu yake, Elvin Jones yuko nyuma kwenye dramu haachi nafasi hata moja ipite bure, alafu kuna jeshi zima la ala za shaba, yale mapembe ya kiorkestra na tromboni na tuba, Eric Dolphy ndo kasimamia mpangilio wake akichukua sauti ambazo McCoy Tyner alikuwa anazipiga kwenye piano. Mapembe yananguruma kweli, ukiwa na spika nzuri yanatoka chini ya sakafu. Kipande cha Elvin peke yake karibu na mwisho mi huwa nasimamisha kazi yoyote ninayoifanya.

Tatizo langu liko sehemu mbili. Ya kwanza ni upande wa pili. Unageuza santuri unakutana na Greensleeves, wimbo wa zamani wa Waingereza, ambao Coltrane anaupiga na saksafoni ya soprano kwa mtindo uleule aliotoka kufanikiwa nao kwenye My Favorite Things, ni mzuri sikatai, ila ulikuwa kwenye ardhi moja na sa hivi uko kwingine kabisa, alafu inakuja Blues Minor ambayo ni bluzi safi ya kufunga kazi basi. Na kinachouma ni kwamba kwenye rekodi zilezile walipiga Song of the Underground Railroad, wimbo uliotoka kwenye njia za siri walizotumia watumwa kutorokea kaskazini, wakauacha nje mpaka 1974 ulipotolewa kwenye Africa/Brass Volume Two. Ungekaa huo kwenye upande wa pili badala ya Greensleeves leo hii ningekuwa naandika kitu kingine. Kwa hiyo ukiamua Coltrane, kama unaweza tafuta ile seti ya CD mbili ya 1995 yenye rekodi zote, ndo utaisikia kazi nzima.

Sehemu ya pili ni nzito zaidi. Afrika ya Coltrane haina mtu ndani yake. Ina ardhi, ina sauti, ina giza na mvua na miti, hisia ziko pale, lakini hakuna anayeongea, hakuna jina, hakuna tukio. Alikuwa anasikiliza santuri za muziki wa Kiafrika na akachukua mapigo, na mtu hawezi kulaumiwa kwa hilo, 1958 alishashiriki na Wilbur Harden kwenye Tanganyika Strut kwa lebo ya Savoy na hapo pia jina la Tanganyika liko kwenye kava tu, ukisikiliza ni bop, jazz ya kasi ya New York. Coltrane alikuwa anaitafuta Afrika kiroho na aliendelea kuitafuta mpaka mwisho, moja ya maonyesho yake ya mwisho kabisa Aprili 1967 alipiga kwenye kituo cha Olatunji kule Harlem, mtaa wa weusi New York, miezi mitatu kabla hajafa. Lakini hii santuri ni mwanzo wa safari hiyo, na inasikika hivyo.

We Insist! ni kitu kingine kabisa. Jina kamili ni We Insist! Max Roach's Freedom Now Suite, lebo ya Candid, imerekodiwa Agosti 31 na Septemba 6, 1960, ndo ya kwanza kati ya hizi tatu. Angalia kava kwanza kabla hujaweka sindano, vijana watatu weusi wamekaa kaunta wanageuka kukuangalia na mhudumu mzungu nyuma yake, yani ile Greensboro iko mbele ya macho yako. Max Roach na mwandishi Oscar Brown Jr. walianza kuitunga kwa ajili ya 1963, miaka 100 tangu watumwa watangaziwe uhuru, mambo yakaenda haraka kuliko mpango wao na wenyewe wakapishana kauli imalizikeje, ikabidi itoke mapema.

Inaanza utumwani. Driva' Man, mapigo ni matano badala ya manne, na pale kwenye pigo la kwanza Roach anagonga ukingo wa ngoma unasikia kiboko, kila mzunguko kiboko, hakikosi. Abbey Lincoln anaimba bila kupamba chochote. Alafu anaingia Coleman Hawkins, mzee aliyekuwa anapiga saksafoni tangu miaka ya 20, na kuna mahali ala yake inatoa mlio wa kukwaruza ambao mtu mwingine angeomba warudie, Hawkins mwenyewe akataka ubaki. Uko hapo hadi leo. Mi kwangu huo mlio ni sababu tosha ya kununua santuri.

Katikati kuna Triptych, na hapa ndo lazima nikuonye mapema. Ni Lincoln na Roach peke yao, sauti na dramu, hakuna maneno. Sehemu tatu, sala, maandamano, amani. Kwenye hiyo ya maandamano Abbey Lincoln anapiga kelele, anapiga mayowe kweli kweli kwa zaidi ya dakika nzima, sio uimbaji wa kuigiza hasira, na Roach anamfuata chini kwa ngoma. Huwezi kuweka wakati watoto wamelala au wageni wanakula. Nimeona watu wanaojiita wapenzi wa jazz wanainuka kwenda kuipunguza sauti. Na 1960 mwanamke mweusi, ambaye watu walikuwa wamemzoea kama mrembo wa klabu mwenye gauni la kubana, kusimama mbele ya maikrofoni akafanya vile, nadhani hakuna jambo la ujasiri kuliko hilo kwenye hizi santuri zote tatu.

Upande wa pili ndo Afrika. All Africa, Lincoln anaita majina ya makabila moja baada ya jingine na Olatunji anamjibu kwa Kiyoruba, chini yao ngoma za mikono zinajaza. Alafu Tears for Johannesburg, ambayo ni kilio cha Sharpeville, Machi 21, 1960, polisi wa makaburu walipoua watu 69 waliokuwa wanapinga sheria ya vitambulisho vya kutembelea. Hapo Lincoln haimbi maneno, anaugulia tu, Booker Little anaingia na tarumbeta na ile sauti yake ina machozi bila kulia, kijana wa miaka 22, mwaka uliofuata alifariki. Mi huo wimbo siwezi kuusikiliza nikiwa nafanya kitu kingine.

Na hawa hawakuishia studio. Lumumba alipouawa Januari 1961 na habari zikatangazwa Februari, Lincoln na Roach walikuwa kati ya walioingia Umoja wa Mataifa New York kuandamana mpaka wakatolewa. Mei mwaka huohuo Roach akapanda jukwaani Carnegie Hall katikati ya onyesho la mpiga tarumbeta Miles Davis akaketi chini na bango la kudai Afrika iwe ya Waafrika. Kwa hiyo ukisikia hasira kwenye hii santuri jua sio ya kuuzia.

Kama kipimo ni nguvu tu, We Insist! inazishinda zote mbili. Nalisema wazi. Kasoro yake ni moja, ni santuri ya kusikiliza mara chache kwa mwaka, inakuchosha, unamaliza upande wa kwanza unahitaji kutoka nje upumue, na mtu anayeanza anaweza kuiogopa akaiweka kando moja kwa moja.

Sasa Uhuru Afrika.

Randy Weston alizaliwa Brooklyn 1926 na baba yake alikuwa mfuasi wa Marcus Garvey, yule aliyewahimiza weusi waiangalie Afrika kama kwao, akamlea akimwambia wewe ni Mwafrika uliyezaliwa Marekani, basi huyo mtoto hakuwa na haja ya kwenda kuitafuta Afrika baadaye, aliikuta mezani nyumbani. Ilipofika Novemba 1960 akawakusanya watu zaidi ya 20 studio, na orodha yenyewe inatisha, Clark Terry, Freddie Hubbard, Yusef Lateef, Sahib Shihab, Cecil Payne, Kenny Burrell, Ron Carter akiwa bado kijana kabisa, Max Roach, Olatunji, alafu Candido na Armando Peraza kutoka Kuba kwenye ngoma. Mpangilio wote wa muziki aliandika Melba Liston, mwanamke mpiga tromboni, na kwa maoni yangu hii santuri ni yake kama ilivyo ya Weston, watu wanamsahau sana. Maneno aliandika mshairi Langston Hughes.

Na inavyoanza ndo hapo sasa. Ngoma, alafu sauti ya mtu inasema kwa Kiswahili. Tuntemeke Sanga, Mtanganyika aliyekuwa New York wakati huo, anasoma maneno ya Hughes aliyoyageuza kuwa Kiswahili, kuhusu uhuru, na Tanganyika yenyewe bado haijaupata, imebaki mwaka mmoja na kitu. Sio mtu wa Harlem anayejaribu matamshi, ni mtu wa kwetu anaongea taratibu na kwa heshima mbele ya bendi kubwa kuliko zote tatu hizi. Coltrane ana ardhi, Roach ana majina ya watu yanayoitwa kutoka upande wa pili wa bahari, na Weston amempa Mwafrika nafasi ya kuanza kuongea kabla bendi nzima haijaingia. Kwangu hiyo tofauti ni kubwa kuliko ufundi wote wa solo.

Baada ya hapo ina sehemu nne. Uhuru Kwanza yenyewe, alafu African Lady ambayo ni sifa kwa mwanamke mweusi, anaimba Martha Flowers na Brock Peters, huyu Peters wengi wanamjua kama mwigizaji. Sauti ni za kiopera kidogo na najua wapo wanaokwama hapo, wanasema wanataka sauti ya bluzi, mi mwanzoni inanipa ubaridi ila ala zinapopokea Liston anaifungua ile melodia mpaka unasahau malalamiko. Bantu ndo sehemu ya ngoma, Waafrika, Wakuba na Wamarekani wanagongana mapigo mpaka hujui nani ni nani. Na mwisho Kucheza Blues, bluzi kubwa ya shangwe, kila mtu anapewa zamu, hii unaweza kuiweka hata sebuleni watu wakiwa wamekaa na mtu akatikisa bega bila kujua ni jazz ya 1960. Hapo ndo inaipita We Insist! kwa matumizi ya kila siku, kwa sababu imeimba uhuru kama kitu cha kusherehekea, na mwaka ule kulikuwa na sherehe kweli, haikuwa huzuni tupu.

Makaburu waliipiga marufuku Afrika Kusini 1964. Na jambo ambalo mi hunigusa, Weston alikuwa hajawahi hata kukanyaga Afrika alipoirekodi, alifika Nigeria mara ya kwanza 1961, baadaye akahamia kabisa Morocco akaishi Tangier miaka.

Kasoro zipo. Piano ya Weston mwenyewe haipati nafasi ya kutosha, ukiwa umemtafuta yeye kama mpiga piano utaondoka na kiu. Sauti ya rekodi imesongamana, watu ni wengi chumba kimoja, ukiiweka baada ya Africa/Brass unasikia tofauti ya Van Gelder papo hapo, kule kila ala ina kiti chake. Na ni fupi, kama zingine zote hapa, hakuna inayofika dakika 40.

Upande wa hela na upatikanaji ndo mambo yanageuka. Africa/Brass haina shida, ni Coltrane, haijawahi kukosekana sokoni, ukitaka chapa ya zamani angalia lebo ya katikati iwe ya rangi ya chungwa na nyeusi na pale karibu na lebo kwenye sehemu isiyo na muziki uone muhuri wa VAN GELDER, ukiona lebo nyeusi yenye duara jekundu hiyo ni chapa ya miaka ya mwisho ya 60 kuendelea, sio mbaya ila usilipie bei ya ya kwanza. We Insist! ya kwanza ya Candid ni adimu maana lebo yenyewe haikudumu, lakini imetolewa upya mara nyingi na nakala mpya nzuri unapata kwa bei ya kawaida, mi nakushauri hiyo mpya, usihangaike na ya zamani iliyochakaa kwa sababu Triptych ina ukimya mwingi na kila mkwaruzo utausikia. Uhuru Afrika ya kwanza, ya lebo ya Roulette, ndo ngumu kuliko zote, ikipatikana ni ghali na mara nyingi imepigwa sana, kwa hiyo kabla hujatoa hela omba picha za pande zote mbili kwenye mwanga, na muulize muuzaji hasa kuhusu mwanzo wa upande wa kwanza, sababu ile sauti ya Sanga iko hapo kwenye mistari ya nje ambako santuri huumia kwanza.

Kwa hiyo ukiniuliza mi. Kama unapenda saksafoni na unataka kuona Coltrane anavunja ukuta, chukua Africa/Brass na ujue unanunua upande mmoja. Kama una kifua cha kubeba kitu kizito na unataka ile iliyo kali kuliko zote chukua We Insist! na uisikilize peke yako kwanza. Lakini wewe unayesoma hapa, unayeelewa kila neno analosema yule Mtanganyika bila kusubiri tafsiri, anza na Uhuru Afrika, Wamarekani wenyewe wanaoinunua hawapati hicho unachopata wewe kwenye dakika mbili za kwanza. Na usisubiri santuri ya Roulette mpaka uzeeke, kuna CD iliyounganisha Uhuru Afrika na Highlife ya Weston ya 1963, ile yenye nyimbo za Bobby Benson wa Nigeria na Guy Warren wa Ghana, ukiikuta popote kwa bei ya haki ibebe.